Kamba, Zizi na Moshi: Utunzaji wa Wanyama wa Kufugwa katika Mrima wa Kaskazini

Mtu akitajiwa Mrima, yaani pwani ya bara inayokabili visiwa vya Unguja na Pemba, aghalabu hukumbuka majahazi, minazi, misikiti na biashara ya pembe. Ni wachache wanaokumbuka zizi. Katika fikira za watu wengi wafugaji wa nchi zetu ni Wamasai na wenzao wa nyika, na mtu wa pwani ni mvuvi, mkulima au mfanyi biashara ambaye ng'ombe humwona siku ya karamu. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba pwani ya Tanga, kutoka Vanga hadi Pangani na Mkwaja, ilikuwa na elimu yake yenyewe ya kutunza wanyama; kwamba msingi wa elimu hiyo ulikuwa ni kumweka mnyama karibu na mwenyewe badala ya mwenyewe kumfuata mnyama; na kwamba ushahidi wake mkubwa umo katika lugha. Ushahidi huo wapasa kusomwa sasa, kwa kuwa maneno yenye kuubeba yanazidi kuwatoka watu midomoni.

I. Wafugaji waliofika pwani

Habari za kale za wafugaji wa pwani hii hazianzii Tanga bali Malindi. Padri Mreno João dos Santos, katika kitabu chake Ethiopia Oriental kilichopigwa chapa Évora mwaka 1609, awataja watu aliowaita Mosseguejos, waliokaa nyuma ya Malindi, wenye ng'ombe wengi, na ambao chakula chao kilikuwa maziwa na damu ya ng'ombe. Mwaka 1589 Wazimba walipokuja kuushambulia mji wa Malindi, watu hao wapatao 3,000 waliwasaidia Wamalindi na Wareno, na Wazimba wakavunjwa. Baada ya miaka michache walishiriki katika kuangusha utawala wa Mombasa, na mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu katika mji huo. Watu hao ndio Wasegeju.

Mapokeo ya Wasegeju yasema kwamba walitoka Shungwaya kaskazini, wakashuka kidogo kidogo kuelekea kusini. Ilipofika karne ya 19 walikuwa wamekwisha kukaa katika nchi iliyo baina ya Vanga na Tanga. Walio wengi walikaa ukingoni mwa bahari, katika miji kama Moa na Manza. Wakawa Waislamu, wakashika uvuvi na ukulima, na usemi wao ukakaribiana na wa jirani zao Wadigo. Wengine, waitwao Wadaiso, walikaa Bwiti na Daluni chini ya milima ya Usambara, na hao wamehifadhi lugha ambayo ndugu zake wa karibu ni Kikamba na Kikuyu.

Basi hapa pana jambo la kutafakari. Watu waliojulikana na Wareno kwa maziwa na damu, baada ya vizazi kadha wamejulikana kwa nyavu na mitumbwi. Je, ng'ombe zao walikwenda wapi? Vita ni sehemu ya jawabu. Katika karne ya 19 mashambulio ya Wamasai yalifika karibu na bahari yenyewe, na mwaka 1857 yalifika hata nyuma ya Mombasa. Mtu mwenye kundi kubwa alikuwa amejiwekea shabaha ya maadui. Lakini vita peke yake havitoshi kuwa sababu, kwani mfugaji aliyenyang'anywa huweza kuanza upya akiwa na nchi ya kuanzia. Nchi yenyewe ndiyo iliyokataa.

II. Nchi na maradhi yake

Mrima wa kaskazini una mvua za masika na za vuli, nao una vichaka vizito na misitu midogo midogo iliyotawanyika baina ya mashamba. Majani ya kulisha si haba. Lakini kichaka kile kile kimpacho ng'ombe kivuli ndicho kimfichacho mbung'o. Aina kadha za mbung'o huishi katika pwani hii, wala tabia zao si moja. Kuna walao mchana, na kuna wale wa vichaka vyenye unyevu ambao huuma alfajiri na magharibi, hata giza likisha kuingia. Ndiyo maana ile hila maarufu ya wapitao bara, ya kuwapitisha ng'ombe usiku katika nchi ya mbung'o, haikuweza kuwa kinga timamu katika pwani. David Bruce alipochungua maradhi ya nagana huko Zululand katika miaka ya 1894 na 1895, akaona kijidudu katika damu na kuthibitisha kuwa mbung'o ndiye amchukuaye, aliwapa wataalamu sababu ya jambo ambalo wafugaji walikuwa wakilijua kwa matokeo yake: kuwa kuna mahali ng'ombe akipita hukonda, hutoka machozi, manyoya yakamsimama, na mwisho hufa.

Adui wa pili ni kupe. Kupe wa masikio huleta ndigana, maradhi yavimbishayo tezi na kuua ndama wengi kuliko ng'ombe wazima. Ndama aliyeugua akapona hupata kinga. Kwa hiyo ng'ombe waliozaliwa papo hapo walidumu, na waliotoka milimani au mbali walikufa upesi. Mambo haya mawili, mbung'o na kupe, ndiyo yaliyomfanya mtu wa pwani awe na wanyama wachache, wadogo, wazaliwa wa mahali pale. Ng'ombe wake alikuwa yule mfupi mwenye nundu, na mbuzi wake yule mdogo mvumilivu. Mgeni akiwaona huweza kudhani kuwa udogo wao ni dalili ya uzembe wa mwenyewe, kumbe huo ndio uliokuwa sharti la kuishi kwao.

III. Kamba, zizi na moshi

Mfugaji wa nyika mwenye mamia ya ng'ombe huwatunza kwa kuhama: mvua ikihama naye huhama. Mfugaji wa Mrima hakuweza kuhama, maana alikuwa na minazi, na mnazi hauhami. Hivyo utunzaji wake ulikuwa wa kumhamisha mnyama hatua chache tu. Ng'ombe au mbuzi alifungwa kamba ya makumbi au ya ukindu, kamba ikafungwa kwenye kigingi au shina la mnazi, na alipokwisha kula duara lake akahamishwa mahali pengine. Desturi hii ingali ikionekana Unguja na Pemba, na katika mashamba mengi ya pwani ya Tanga. Faida zake ni nyingi. Mnyama haingii kichakani kwa mbung'o. Haharibu mihogo ya jirani. Hula magugu chini ya minazi na kuacha samadi papo hapo. Na mwenye shamba humwona kila siku, kwa hiyo akianza kuugua hujulikana mapema.

Kamba yataka ujuzi. Ikiwa fupi mno mnyama hushinda na njaa. Ikiwa ndefu mno humzonga miguu au humnyonga shingo. Iliyokaa mguu mmoja siku nyingi hutia kidonda, na kidonda huita mainzi. Mithali isemayo kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake hutumiwa siku hizi juu ya watu wenye vyeo na mishahara, na mara nyingi kwa kejeli. Lakini mithali hiyo haikuweza kuzaliwa katika nchi ya makundi yachungwayo nyikani, ambako mbuzi hajui kamba. Ni mithali ya watu waliofunga mbuzi, wakapima kamba kwa macho kila asubuhi.

Usiku mnyama alilala zizini, au katika kibanda kilichoambatana na nyumba. Ndama na wana-mbuzi waliwekwa ndani, pengine chini ya paa moja na watu, kwa kuwaogopa chui na fisi. Jioni mavi makavu na majani mabichi yaliwashwa moto hafifu ili moshi ufukuze mbu, mbung'o na mainzi. Kupe waliokotwa kwa mkono, masikioni, chini ya mkia na katika kiwele, na kuku waliopita miguuni mwa ng'ombe walisaidia kazi hiyo. Chakula cha ziada kilitoka jikoni: chicha la nazi, pumba za mpunga na mahindi, maganda ya muhogo yaliyoanikwa. Haya yote ni kazi ndogo ndogo, na kwa sababu hiyo hazikuandikwa sana. Aliyezifanya aghalabu alikuwa mwanamke au mtoto, na wageni walioandika vitabu walizungumza zaidi na wazee wanaume wakiwa barazani.

Mithali nyingine yasema kuwa ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Husemwa juu ya mtu aliyepatwa na masaibu ugenini akarudi kwa ndugu zake. Nayo yathibitisha kuwa kwa waliosema maneno hayo zizi lilikuwa zaidi ya ua wa kufungia mali: lilikuwa mahali pa kuuguza. Na katika mithali isemayo kuwa ng'ombe haelemewi na nunduye, twaonyeshwa ng'ombe wa aina gani aliyekuwa mbele ya macho ya msemaji.

Kukama nako kulikuwa na adabu yake. Ng'ombe mwenye nundu hakubali kutoa maziwa mpaka ndama wake aletwe aanze kunyonya. Ndipo ndama huvutwa kando, akafungwa mbele ya mama yake ili amlambe, na mkamaji akachukua sehemu yake. Mkamaji mwenye pupa humkondesha ndama, na mwenye kumkondesha ndama ameikata mbuguma ya kesho. Maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, yaitwayo dang'a, ni haki ya ndama kwanza.

IV. Ushahidi wa maneno

Tukiyapanga maneno ya ufugaji kwa asili yake, twaona mpango ambao si wa bahati nasibu. Majina ng'ombe, mbuzi na kuku ni ya Kibantu tangu zamani sana, na vivyo hivyo kitenzi kama, kukamua maziwa, ambacho chafanana kwa mizizi na lugha nyingi za bara. Zizi, kuchunga, ndama, mtamba, yaani ng'ombe jike asiyezaa bado, mbuguma, yaani jike mzima, na mfarika, yaani mbuzi au kondoo mchanga aliyekua lakini hajazaa, ni maneno yaliyokaa katika lugha pasipo harufu ya ugeni.

Upande wa pili kuna maneno ya Kiarabu. Fahali ni la Kiarabu. Hasi na maksai yametoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kutoa mapumbu. Samli ni la Kiarabu. Hatamu, lijamu na nira kadhalika. Malai limetoka Bara Hindi. Mpango ni huu: maneno ya kuzaa, kulea, kulisha na kukama ni ya kienyeji, maneno ya kutia hatamuni, kutia nirani, kunenepesha kwa ajili ya nyama na kutengeneza kitu cha kuuzwa mbali mara nyingi yamekuja kwa bahari. Hapa yapasa tahadhari. Kuazima neno si lazima kuwe ndiko kuazima kazi. Watu wa bara walihasi madume bila ya kumngoja Mwarabu awafundishe. Lakini neno la sokoni hulishinda neno la nyumbani mahali ambapo soko limeshika kazi, na katika miji ya pwani maksai alikuwa mnyama wa soko: alinunuliwa kwa karamu, kwa jahazi na kwa gari.

Neno beberu lina historia ya peke yake. Maana yake ya asili ni mbuzi dume asiyehasiwa, mwenye harufu kali na kiburi, ambaye mfugaji hodari humtenga na majike mpaka wakati wake. Katika miaka ya kupigania uhuru watu wa siasa walilitwaa jina hilo wakamwita mkoloni, na ubeberu ukawa jina la mfumo mzima. Leo wako vijana wengi wa mjini walijuao neno kwa maana ya pili wasiojua ya kwanza. Wanajua tusi, hawamjui mbuzi.

Punda naye asisahauliwe. Alikuwa gari la njia nyembamba, akibeba nazi, kuni na maji katika shogi, yaani kapu la pande mbili liwekwalo mgongoni. Mithali isemayo kuwa shukrani ya punda ni mateke humlaumu mnyama. Lakini punda apigaye mateke mara nyingi ni yule ambaye shogi lake limelemea upande mmoja hata likamchubua ngozi. Mithali imehifadhi neno la mwenye kupigwa teke, wala haikuhifadhi neno la punda.

V. Sheria na mnyama mzima

Dini ilizidi kuufinyanga utunzaji huu. Watu wa pwani kwa wingi hufuata madhehebu ya Imam Shafi, na kwa sheria hiyo mnyama wa udh-hiya, yaani wa kuchinjwa sikukuu ya kuchinja, awe mzima: asiwe chongo, wala kiguru, wala mgonjwa aliye dhahiri, wala aliyekonda mno. Ng'ombe na mbuzi wawe wametimiza miaka miwili, na ng'ombe mmoja hutosha watu saba. Kwa akika ya mtoto mwanamume hutakiwa mbuzi wawili, na ya mwanamke mmoja. Kisu kinolewe mbali na macho ya mnyama, wala mnyama asichinjwe mbele ya mwenzake.

Tufahamu athari ya sheria hizi zizini. Mwenye kukusudia kuuza au kuchinja kwa ibada alikuwa na sababu ya kuihadhari miguu isiharibiwe na kamba, na kuyahadhari masikio yasikatwe kwa alama. Umri wa mnyama ulipasa kukumbukwa, na katika nyumba isiyo na daftari umri hukumbukwa kwa masika na kwa uzazi wa watu. Hivyo elimu ya mfugaji na elimu ya mwalimu wa chuoni zilikutana juu ya mgongo wa mbuzi mmoja.

Katika Pemba, ng'ambo ya mkondo, yuko dume afungwaye kamba kwa ajili ya mchezo wa ng'ombe, ambao wengi huunasibisha na Wareno. Watu humchokoza kwa nguo na kumkimbia, wala hauawi uwanjani. Mwisho wa mchezo hurudi kwa mwenyewe. Dume la namna hiyo hulishwa vyema na kujulikana kwa jina lake. Katika mchezo huo mshika kamba ndiye mwenye roho za watu mkononi mwake, na huo nao ni ushahidi kuwa ustadi wa kamba ulikuwa heshima.

VI. Sotoka, mkonge na ng'ombe wa maziwa

Mwisho wa karne ya 19 ulileta msiba ambao hakuna kamba wala moshi uliouzuia. Sotoka iliingia Afrika ya kaskazini-mashariki mwaka 1887 kwa bandari ya Massawa, na ilipofika miaka ya 1890 na 1891 ilikuwa imeenea nchi zetu. Oscar Baumann alifunga safari kutoka Tanga mwezi wa Januari 1892 kwenda Masaini, na huko Ngorongoro aliwakuta watu waliokondeana kwa njaa baada ya kufiwa na ng'ombe. Maradhi hayo yametangazwa kuwa yametoweka duniani mwaka 2011.

Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta mkonge. Miche 62 iliyookoka ilipandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mashamba ya mkonge yalipotanda, nchi ya malisho ilipungua, na maelfu ya wafanyi kazi walitaka nyama. Ndipo katika miaka ya 1950 kampuni ya Amboni ilipoanzisha ranchi ya Mkwaja kusini ya Pangani, penye mbung'o wengi, kwa kutegemea ng'ombe wa Boran na dawa za kuzuia nagana zidungwazo mara kwa mara. Katika miaka ya 1970 walijaribiwa hapo mbung'o madume waliotiwa ugumba. Kwa maarifa yote hayo ranchi ilifungwa mwaka 2000, na nchi yake baadaye ikaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mbung'o walioshindikana Mkwaja walishindwa Unguja: kati ya 1994 na 1997 mamilioni ya madume wagumba waliolelewa Tanga walirushwa kwa ndege juu ya kisiwa, hata Glossina austeni akatoweka. Lakini Unguja ni kisiwa, na Mkwaja haukuwa kisiwa.

Njia iliyofaulu katika bara la Tanga ilikuwa nyingine. Kuanzia mwaka 1985, kwa msaada wa Uholanzi, wakulima wadogo waligawiwa mitamba ya maziwa kwa sharti la kurudisha mtamba apewe mwingine. Mnyama hukaa bandani, hukatiwa majani ya tembo, hupakwa dawa ya kupe, na maziwa hukusanywa. Mwaka 1997 kiwanda cha Tanga Fresh kilianza. Mradi huu ulihesabiwa kuwa mambo mapya, nao ni mpya kwa mbegu ya ng'ombe, dawa na kiwanda. Lakini tukiutazama kwa macho ya historia, shauri lake kubwa ni lile lile la wenyeji: wanyama wachache, karibu na mlango, mbali na kichaka, waonekanao kila siku. Mkwaja ulipeleka maelfu kwa mbung'o ukategemea sindano. Mkulima mdogo alimzuilia mbung'o kwa ukuta wa banda, kama bibi yake alivyomzuilia kwa kamba na moshi.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi kuna kazi mbele ya wachunguzi wa lugha. Kamusi zetu zinayo maneno mengi ya ufugaji, lakini mara nyingi huyaeleza kwa ufupi. Hayajakusanywa kwa utaratibu majina ya vifundo, ya rangi za ng'ombe, ya magonjwa kwa dalili zake, ya majani alayo na yale amdhuruyo, katika Kidigo, Kibondei, Kizigua, Kisegeju, Kidaiso na Kimtang'ata. Wazee wa Moa na Bwiti wanaoyajua hawatakuwapo siku zote. Mtafiti akienda kwao, asiishie barazani. Aombe kupelekwa bandani wakati wa kukama, akamsikilize mwenye kushika ndama.